Je, binti alirithi katika Biblia?

Umeuliza kama binti alikuwa na haki ya urithi katika Biblia. Ndiyo, alikuwa nayo, ila kwa masharti. Soma Hesabu 27 kwanza. Mabinti watano wa Selofehadi, wa kabila la Manase (Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa), walisimama mlangoni pa hema ya kukutania mbele ya Musa, kuhani Eleazari na wakuu. Angalia walivyojenga hoja: baba alifia jangwani, hakuwamo katika uasi wa Kora (aliyeongoza watu kumpinga Musa), hakuacha mwana wa kiume, basi kwa nini jina lake lifutike? Mungu akasema wana haki, na kesi yao ikazaa sheria kwa Israeli yote: asipokuwapo mwana, hurithi binti, asipokuwapo binti, ndugu za marehemu, kisha ndugu za baba yake, kisha jamaa wa karibu.

Wengi huishia hapo, na ndipo wanapokosea. Sura ya 36 inaongeza sharti: binti mrithi aolewe ndani ya kabila la baba yake, ili ardhi isihamie kabila jingine. Watano hao waliolewa na wana wa baba zao wadogo na wakubwa. Ardhi yenyewe walikabidhiwa katika Yoshua 17.

Linganisha na Ayubu 42:15, mstari ninaoupenda mno: mabinti wa Ayubu, Yemima, Kesia na Keren-hapuki, wanapewa urithi pamoja na ndugu zao wa kiume, ambao walikuwa saba na hakuna hata mmoja aliyetajwa jina.