Kiwanja kimoja kwa watoto na wazee?

Ndugu, umeuliza kama eneo dogo la kartiye (mtaa) hapa Goma linaweza kuwa kiwanja cha kuchezea na kupumzikia kinachotosha watoto, vijana na wazee pamoja. Linatosha, ila anzeni na ardhi kabla ya bembea. Chini yetu ni mawe ya lava, makali kama misumeno, na mtoto akiangukia hapo atapasuka goti au kichwa. Chini ya kila kitu cha kupandia, wekeni mchanga laini wa kina cha sentimita 30, uchujwe mawe yote. Jengeni ukingo kwa mawe hayohayo ya lava ili mvua isisombe mchanga. Ukingo huo ukifika usawa wa kukalia, mama wanapata kiti. Mchanga hupungua, kwa hiyo chagueni mapema nani ataujaza. Hapo ndipo viwanja vingi hufia.

Pale Amsterdam, msanifu Aldo van Eyck alianza mwaka 1947 na sanduku la mchanga, vyuma vya kupinduka na mabenchi. Viwanja vyake vilipita 700, vingi kwenye nafasi ndogo zilizoachwa wazi kati ya nyumba. Hakuhitaji mashine za bei.

Wazee wapeni meza ya dama chini ya mti, karibu na wadogo, wawaone. Mpira wa vijana uende upande wa pili kabisa, maana shuti moja linamwangusha mtoto wa miaka miwili. Na wasichana waulizwe wao wenyewe wanataka nini, tafadhali. Mara nyingi nafasi yote humezwa na mpira wa wavulana.