Maswali na Majibu: Unga wa mgao unaishia wapi?

SWALI: Tuko kwenye kamati ya chakula katika kambi ya wakimbizi, mkoani Kigoma. Kwenye karatasi unga unatosha, lakini kila mgao kaya za mwisho hukuta turubai tupu. Watu wanasema tumeiba. Tunakosea wapi?
Mjumbe, Kasulu

JIBU: Ndugu mjumbe, kabla ya kumtafuta mwizi, kagueni kopo.

Chukueni mgao wa unga gramu 400 kwa mtu kwa siku, kwa siku 28: ni kilo 11.2 kwa mtu, kilo 56 kwa kaya ya watu watano. Mkipima kwa kopo la kilo 2.8, kaya hiyo inapata makopo 20. Sasa mpimaji akiacha kichuguu cha gramu 100 tu juu ya kila kopo (na wengi huacha, kwa huruma au kwa kujuana), kaya hiyo inaondoka na kilo 2 za ziada. Kaya 25 zikipita, gunia zima la kilo 50 limekwenda.

Kopo lijazwe, lisawazishwe kwa kijiti kilichonyooka, kisha unga wake upimwe kwenye mizani mara kumi na kutafutwa wastani. Likizidi, likateni mdomo. Rudieni kila shehena mpya inapofika, kwa kuwa unga ulioshindiliwa ni mzito kuliko uliotifuka. Kopo la unga lisipimie maharage.

Pimeni pia gunia moja katika kila kumi wakati wa kupokea. Magunia 100 yakiwa na kilo 48 badala ya 50, mmeshapoteza mgao wa kaya tatu na ushee kabla ya kufungua hata moja.

Halafu msingoje jioni. Watu 100 wakishahudumiwa, yawe yametumika magunia 22 na kidogo. Mkikuta 24, simamisheni foleni mrekebishe. Mgao ukipunguzwa, fanyeni hesabu upya.

SWALI: Bibi mgonjwa amemtuma jirani amchukulie. Tumpe?

JIBU: Mpeni ikiwa jina la jirani liliandikishwa mapema kama mpokeaji mbadala na amekuja na kadi. Ujumbe wa mdomo siku ya mgao haufai. Bibi anaweza kufika kesho akiuliza chakula chake. Na ulizeni nani atambebea: wabebaji wengine hujilipa unga humohumo njiani.