Jibu: Omeprazole au ranitidine, ipi inaponyesha vidonda vya tumbo?

Mkuu umeuliza kwa nini ranitidine inakutuliza halafu baada ya wiki mbili moto unarudi palepale, na kama omeprazole ni bora. Kwa kuponyesha kidonda omeprazole iko juu, inazima asidi kuliko ranitidine, na ranitidine yenyewe Marekani waliiondoa sokoni 2020 kwa uchafu wa NDMA, kemikali inayoshukiwa kuleta saratani. Kidonda cha utumbo mwembamba hutibiwa kwa omeprazole wiki 4 hivi, cha tumbo lenyewe hadi 8, na kapsuli unameza nusu saa kabla ya chai ya asubuhi, sio umeshashiba chapati ndio unakumbuka (mimi nilifanya hivyo mwezi mzima nikaona dawa feki). Magnesium ile ya kutafuna inapoza asidi tu, haiponyeshi kidonda.

Ila umepima H. pylori, yule bakteria wa tumboni anayesababisha vidonda? Kama yupo, hata umeze omeprazole mwaka mzima kidonda kinaweza kurudi, lazima na antibayotiki, mara nyingi amoxicillin na clarithromycin siku 14 bila kuruka, daktari akuandikie. Kipimo cha choo kipo, ila uache omeprazole wiki 2 kabla. Na umesema unameza diclofenac, ile dawa ya maumivu, kwa ajili ya mgongo: mwambie daktari, maana nayo huweza kuleta vidonda.