Programu ilikuwa salama kwenye Intel, mbona imevurugika kwenye ARM?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeandika kwa lugha ya C programu inayosoma faili la vipimo vya joto la chumba cha baridi cha kuhifadhia mboga. Kwa miezi minane imefanya kazi kwenye kompyuta mpakato yenye prosesa ya Intel, ingawa siku moja moja iliishia katikati ya faili, nami nikadhani kihisi kimekosea. Nilipoihamishia kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo yenye prosesa ya ARM, ikawa haifiki mwisho, inachapa 255, 255, 255 bila kukoma. Isitoshe, uzi mmoja (sehemu ya programu inayokwenda sambamba na nyingine) unapoandika kipimo na wa pili kukisoma, mara chache ule wa pili hupata kipimo cha zamani. Je, kompaila ya ARM, inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, ina hitilafu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, kompaila haina hatia, na zile siku moja moja ulizozipuuza ndizo zilizobeba ushahidi.

Katika msimbo uliotutumia, mstari wenye kosa ni huu: while ((c = fgetc(f)) != EOF), na juu yake umetangaza char c, yaani c ni namba ya baiti moja. Kanuni rasmi za C hazikuamua iwapo char inaweza kubeba namba hasi; kila jukwaa limejichagulia. Kwenye Linux ya Intel hubeba kuanzia -128 hadi 127, na kwenye Linux ya ARM kuanzia 0 hadi 255. Funksheni ya fgetc, inayosoma baiti moja ya faili, hurudisha int, aina ya namba iliyo pana zaidi, kwa makusudi, ili baiti zote 256 zipate nafasi na EOF, yaani alama ya mwisho wa faili, ambayo kwa kawaida ni -1, ipate nafasi yake peke yake. Ulipoibana ndani ya char ya ARM, -1 iligeuka kuwa 255, na 255 haitalingana na -1 hata ungesubiri mwaka mzima. Kwenye Intel mambo yalikwenda kinyume: baiti halali yenye thamani ya 255 iligeuka kuwa -1, programu ikaamini kwamba faili limekwisha. Kihisi chako kilisingiziwa.

Andika int c, basi. Usishawishike kutumia -fsigned-char, chaguo la kompaila linaloilazimisha char kubeba namba hasi, kwa maana itakomesha mzunguko usioisha na kukurudishia faili lililokatwa, na kwangu mimi hilo ni baya zaidi kwa sababu halionekani.

Tatizo la nyuzi ni zito kuliko hilo. Uzi wa kwanza huandika kipimo, kisha huweka alama kwamba kipo tayari. Prosesa za Intel huhakikisha kwamba viini vingine (sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba) vinaona maandishi hayo kwa mpangilio uleule, lakini ARM inaruhusiwa kuyapanga upya ili isipoteze muda, hivyo uzi wa pili unaweza kuiona alama kabla ya kipimo kipya kuufikia. Naona umeweka volatile. Neno hilo humzuia kompaila peke yake kufuta usomaji au uandishi, wala haliiamuru prosesa lolote kuhusu mpangilio. Tangu mwaka 2011 C ina stdatomic.h: andika alama kwa memory_order_release, isome kwa memory_order_acquire, na kipimo kilichoandikwa kabla ya alama kitaonekana pamoja nayo. Jambo hili si dogo hata kidogo. Apple ilipohamia ARM mwaka 2020 kwa prosesa ya M1, iliweka ndani ya prosesa yenyewe hali maalumu ya kufuata mpangilio wa Intel, ili programu za zamani zinazotafsiriwa na Rosetta 2, kitafsiri chake cha programu za Intel, zisivurugike.

Mpangilio wa baiti ndani ya namba haujakusumbua kwa kuwa mashine zako zote mbili hutanguliza baiti ndogo, yaani ile yenye thamani ndogo. Ila ukianza kutuma vipimo kwa mtandao kwa utaratibu wake wa kutanguliza baiti kubwa, namba 1 ya biti 32 ikisomwa kinyume itakuwa 16777216, kwa hiyo itunge baiti kwa baiti, usinakili kumbukumbu ilivyo.

Ukishasahihisha, fanya majaribio kwenye Raspberry Pi yenyewe kwa saa nyingi, viini vyote vikiwa kazini. Kiigaji kama QEMU kinachoendeshwa juu ya Intel kitakuonyesha kosa la char mara moja, lakini kosa la mpangilio linaweza lisijitokeze kabisa, kwa sababu chini yake bado ni Intel inayokupangia maandishi.