Jiwe la maweni na joto la Zuhura: majibu ya maswali yenu

Maswali ya sayari yamekuja mengi, Unguja na Pemba, na karibu yote yanahusu zile nne za mawe zilizo karibu na jua: Utaridi, Zuhura, Dunia yetu na Mirihi. Nimeyaweka pamoja.

Mwalimu, Utaridi ndiyo iliyo karibu zaidi na jua. Mbona tunasomeshwa kuwa Zuhura ndiyo yenye joto kali kuliko zote? (Mwanafunzi, Makunduchi)

Umesomeshwa sawa, mwanangu. Kuota moto ni jambo moja, kujifunika ni jingine. Utaridi haina cha kujifunikia. Hewa yake ni chembe chache mno zinazoelea, kwa hivyo mchana joto hufika nyuzi 430, na usiku hushuka hadi nyuzi 180 chini ya sifuri. Zuhura haina cha usiku wala mchana: ni nyuzi 465 hivi saa zote, joto linaloweza kuyeyusha madini ya risasi.

Jambo hili unalijua kutoka kwenu. Usiku wa kipupwe, mwezi wa Julai, mbingu ikiwa safi, joto la mchana hupaa likaenda zake, na alfajiri kila mtu anavuta shuka. Usiku wa mawingu mazito, masika yakikaribia, unalala ukichuruzika jasho. Mbingu ya Zuhura haifunguki hata siku moja. Zaidi ya asilimia 96 ya hewa yake ni hewa ukaa, inayozuia joto lisitoke, na juu yake yametanda mawingu ya asidi, aina ile ile inayotiwa kwenye betri za gari. Hewa hiyo inakandamiza ardhi mara 92 kuliko yetu. Ili upate mgandamizo kama huo hapa kwetu ingekubidi uzame mita 900 hivi, na mkondo wa Pemba wenyewe kina chake ni kama mita 800. Chombo cha Wasovieti, Venera 13, kilitua huko Machi 1982, kikapiga picha za mawe bapa ya volkano, na baada ya dakika 127 kikanyamaza.

Nimesoma kuwa Zuhura na Dunia ni kama pacha kwa ukubwa. Sasa sisi tumesalimikaje? (Mama wa watoto watatu, Jang'ombe)

Dada yangu, hili ndilo swali nililokuwa nikilingojea, na jibu lake unalikanyaga kila siku.

Hewa ukaa ya Dunia haikupotea. Ukikusanya yote iliyofungwa ndani ya mawe ya chokaa ulimwenguni, wataalamu wanakadiria itakaribia ile inayoichoma Zuhura. Tofauti ni kwamba yetu imekuwa jiwe. Mvua huichukua hewa ukaa kutoka angani, hula majabali taratibu, na mito huyapeleka maji hayo baharini. Huko matumbawe, chaza na vijidudu visivyoonekana kwa jicho hujijengea magamba. Wakifa, magamba hurundikana yakawa mwamba. Sehemu kubwa ya mashariki na kusini ya Unguja, ardhi yote ile ya maweni, ni matumbawe yaliyokuwa hai zama ambazo bahari ilikuwa juu kuliko leo. Kuta za Ngome Kongwe na nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe hayo hayo.

Usiniamini mimi, jaribu mwenyewe na watoto. Okota kipande cha jiwe la maweni, kikwangue pahala pamoja mpaka utoke unga mweupe, ukamulie ndimu. Kisogeze sikioni. Utasikia mchemko mdogo sana, kama mafuta yanayoanza kupata moto, na ukitazama utaona vipovu vinapanda pembezoni mwa tone. Vipovu hivyo ni hewa ukaa, imefunguliwa baada ya maelfu kwa maelfu ya miaka. Katika kilo 100 za jiwe safi la chokaa, kilo 44 ni hewa hiyo. Wachoma chokaa wanalijua hili kwa mikono yao: jiwe huingia motoni zito, hutoka jepesi.

Bila shaka haifungwi milele. Ardhi ya Dunia ni vipande vinavyosogea, vingine huzama chini ya vyenzake, na volkano huirudisha hewa hiyo angani. Ni mzunguko, nao unahitaji maji. Zuhura ilipoteza maji yake. Mwanga mkali wa jua uliuvunja mvuke wake huko juu, haidrojeni ikatorokea angani. Tunajua hivyo kwa sababu haidrojeni nzito, isiyotoroka kwa urahisi, imebaki huko kwa kiwango kinachozidi cha Dunia zaidi ya mara 100. Pasipo bahari hapana matumbawe, hapana chokaa, na hewa ukaa yote ikabaki juu.

Udongo wetu huku ni mwekundu. Wekundu wa Mirihi ni huo huo? (Mkulima wa karafuu, Wete)

Mzee wangu, ni jamaa moja. Wekundu ni kutu ya chuma, kwako na kwake. Ila wako umeiva kwa mvua na joto, unashika unyevu, unalea mkarafuu. Wa Mirihi ni vumbi laini, kavu, linalopeperushwa juu ya mawe ya volkano.

Mirihi nayo ilikuwa na mito. Chombo Perseverance kilitua Februari 2021 katika bonde la Jezero, pahala ambapo mto ulimwaga mchanga wake ziwani zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita. Lakini Mirihi ni ndogo, uzito wake ni kama sehemu moja ya kumi ya Dunia, na kitu kidogo hupoa haraka. Kiini chake kiliacha kuzalisha ngao ya sumaku, na upepo wa jua, yaani chembe zinazotimka kutoka juani, ukawa unaichuna hewa yake kidogo kidogo. Chombo MAVEN kilianza kuupima upotevu huo mwaka 2014. Hewa iliyobaki haifiki hata asilimia 1 ya mgandamizo wa yetu. Nayo pia karibu yote ni hewa ukaa, asilimia 95, lakini nyembamba kiasi kwamba haiwezi kushika joto.

Kweli kuna barafu Utaridi, pamoja na jua lote lile? (Chake Chake)

Kweli. Iko kwenye mashimo ya ncha za kaskazini na kusini, ambako jua halijawahi kuingia. Chombo MESSENGER, kilichoizunguka Utaridi kuanzia 2011 hadi 2015, kilithibitisha.

Mlima mrefu kuliko yote uko sayari gani? (Mwanafunzi, Mkoani)

Katika hizi nne ni Olympus Mons wa Mirihi, volkano ya kilomita 22 hivi. Kilimanjaro ni mita 5,895, kwa hivyo uirundike mara tatu na nusu na zaidi. Ardhi ya Mirihi haisogei kama ya kwetu, lava ikawa inamwagika pahala pale pale kwa muda mrefu sana.

Sisi wavuvi tunalijua jua linavyozama. Huko Mirihi linazama vipi? (Nungwi)

Kinyume na hapa, kaka yangu. Mchana mbingu yao ni ya rangi ya vumbi, manjano inayoelekea hudhurungi. Jua likishuka, vumbi lile laini hupitisha mwanga wa buluu moja kwa moja kuelekea kwa mtazamaji. Chombo Curiosity kilipiga picha zake Aprili 2015: jua dogo, jeupe, na pembeni yake duara la buluu, likitua nyuma ya kilima cha mawe.