Kabla hujawasha moto: kwa vijana wanaoanza ufundi friji

Juzi nilimkuta kijana wetu mmoja pale karakana anapiga msasa bomba la shaba alilotaka kuliunga kwa moto, mdomo wa bomba umeangalia juu. Alipomaliza akainama akalipuliza kwa kinywa, fuu, eti vumbi litoke. Pembeni yake filta mpya, chujio linalonyonya unyevu kwenye mfumo, ilikuwa wazi, vizibo vimetolewa tangu saa nne, na hapo ilikuwa saa saba. Nikamnyang'anya msasa. Ni kijana mwenye mkono mzuri, na ndiyo sababu nilikasirika. Kwa hiyo wadogo zangu, kalini chini.

1. Kata kwa kikata bomba, achana na msumeno. Kaza kidogo, zungusha, kaza kidogo tena. Ukikaza kwa pupa, ukingo unajikunja kwa ndani. Ukwangue huku mdomo wa bomba ukiangalia chini, chembe zidondoke sakafuni zisiingie kwenye mfumo. Kapilari, lile bomba jembamba linalobana gesi, ichore kwa tupa pande zote, kisha ivunje kwa kuikunja huku na huku. Tundu lake kwenye friji nyingi za nyumbani halifiki hata milimita 1. Kumbukeni hilo tukifika namba 4.

2. Msasa laini, mpaka shaba ing'ae, upite kidogo mwisho wa sehemu itakayozama kwenye kiungo. Futa kwa kitambaa kikavu, halafu usiishike tena. Jasho na mafuta ya vidole yanatosha kuifanya silva, yaani fimbo ya kuungia ikiyeyuka, ijikusanye kama matone ya maji kwenye jani la mgomba. Na usipulize kwa kinywa! Pumzi yako ina maji, na maji ndani ya friji huganda kwenye kapilari. Friji inapoa, inaacha, inayeyuka, inapoa tena, na wewe unaitwa kila Jumamosi.

3. Shaba kwa shaba, fimbo yenye fosforasi haihitaji poda ya kusafisha kiungo. Shaba kwa brasi, weka poda. Shaba kwa chuma, na kondensa nyingi, yale mabomba ya mgongoni yanayotoa joto, ni chuma, tumia poda na fimbo ya fedha isiyo na fosforasi. Fosforasi ikikutana na chuma, kiungo kinakuwa kikavu kama biskuti. Friji ikipakiwa kwenye guta ikapita mashimo mawili, kimepasuka.

4. Naitrojeni. Hapa nitakaa.

Mwaka wangu wa pili kazini nilitumwa peke yangu kwa mara ya kwanza. Mama mmoja muuza samaki, Temeke, friza lake la kulala lilikuwa limekufa kompresa, ile pampu inayosukuma gesi. Nilibadilisha kompresa na filta. Mtungi wa naitrojeni ulibaki karakana kwa sababu ni mzito na nauli ya bodaboda nilitaka ibaki mfukoni. Nikajiambia viungo ni vinne tu. Tena nilichoma polepole, nikitaka vipendeze, na vilipendeza kweli. Yule mama alivishika akasema, "Mwanangu, Mungu akubariki mikono."

Kwa nje ulikuwa urembo. Kwa ndani nilikuwa napika masizi. Shaba ikishaiva nyekundu, na silva hiyo haitambai mpaka ufike nyuzi 700 na kitu, hewa iliyomo ndani ya bomba huungana nayo na kutengeneza magamba meusi. Gesi na mafuta vikianza kuzunguka, magamba yanabanduka na kwenda moja kwa moja kwenye filta na mdomo wa kapilari.

Siku ya nne akanipigia: friza linanguruma lakini barafu imeshika kona moja tu. Nilikwenda, nikafunga geji. Ya upande wa presha ndogo ilikuwa inazama chini ya sifuri. Fundi aliyekomaa angegusa kondensa, akaikuta haina joto la maana, akajua njia imeziba. Mimi nikaona namba ndogo nikasema gesi imepungua. Nikaongeza gesi ya friji, R134a. Sindano ikapanda kidogo, nikafurahi, nikachukua pesa ya gesi. Na hapa ndipo panaponiuma hadi leo: alipouliza imevujia wapi, nilimjibu ni hali ya hewa ya joto, wakati sikuwa nimetafuta mvujo wowote. Nilimdanganya mtu mzima mwenye umri wa mama yangu.

Usiku ule kompresa ilisukuma kwenye njia iliyoziba, ikachemka, ovalodi, swichi inayoikinga, ikakata na kurudi mpaka ikaungua. Asubuhi alifungua mfuniko. Changu na vibua, madishi matatu, macho yameshakuwa meupe. Alikuwa amewachukua soko la samaki la Feri kwa mkopo. Hakunitukana. Alisema tu, "Mwanangu, hawa samaki si wangu." Kisha akaanza kuwatoa mmojammoja na kuwapanga juu ya gunia, akitafuta wa kuokoa.

Fundi wangu alikuja mwenyewe. Akaikata filta yangu, akaigonga juu ya gazeti. Vikaanguka vipande vyeusi, vyembamba, kama maganda ya kitunguu yaliyoungua. Akalikunja gazeti akanikabidhi mkononi, na hakusema neno mpaka tunafika karakana. Kompresa ya pili nililipia mimi, na wale samaki pia, kwa miezi mitano. Kila mwisho wa mwezi nilimpelekea mwenyewe kwenye meza yake.

Sasa, namna ya kufanya. Pitisha naitrojeni ndani ya bomba unapochoma, iisukume hewa nje magamba yasitokee. Iende polepole, upepo ambao shavu lako linausikia kwa shida, na acha upande mmoja wazi itokee. Ikienda kwa nguvu itapoza kiungo na kutoboa silva. Endelea kuipitisha mpaka kiungo kipoe. Na mtungi wa naitrojeni ukiisha, kazi imesimama. Usithubutu kuingiza oksijeni ya kuchomelea kwa sababu "nayo ni gesi tu". Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka, na watu wamekufa hivyo.

5. Filta ifunguliwe mwisho kabisa, viungo vingine vyote vikiwa tayari. Kapilari iingie ndani bila kugusa wavu.

6. Vakyumu, yaani kunyonya hewa na unyevu kwa pampu, pima kwa geji ya mikroni, ishuke hadi 500 na itulie baada ya kufunga pampu. "Nimeacha nusu saa" si kipimo.

7. Ukikuta kibandiko kimeandikwa R600a, hiyo ni gesi inayowaka kama ile ya jikoni. Gesi hiyo itoe nje ya nyumba, safisha mabomba kwa naitrojeni, fungua madirisha, na kata kwa kikata bomba. Kiberiti kibaki mfukoni mpaka uhakikishe, na mtoto wa mwenye nyumba anayekodolea macho kazi yako, mwombe mama yake amwite ndani.