Kilwa Kisiwani na mama: nendeni na mwongozaji

Dada, umeuliza kama mama yako wa miaka 68 ataweza kuzunguka magofu ya Kilwa Kisiwani kwa miguu, na kama mwongozaji ana umuhimu. Ataweza, ila vukeni asubuhi na mapema. Kibali na mwongozaji vishughulikieni Kilwa Masoko, mji ulioko upande wa bara, kabla ya kupanda boti ya kwenda kisiwani. Anayewaambia mtamalizana hukohuko, mwacheni.

Kwa mwongozaji nasisitiza. Bila yeye, Msikiti Mkuu mtaona kuta na nguzo tu. Yeye atawaonyesha sehemu ya kale ya kaskazini, ya karne ya 11, na pale ilipoungana na upanuzi wa baadaye wenye kuba. Mwambieni mapema mna mzee, apunguze mwendo.

Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, liko mbali upande wa mashariki, na jua la huko ni kali. Mwombeni nahodha awazungushe kwa boti, ingawa kutoka ufukweni kuna kupanda kidogo. Birika la maji la pembe nane lililomo kasrini mama asilikose kabisa! Avae viatu vya kulowa, maana maji yakipwa huenda mkashukia majini.